Siku Nilipochagua Mama

Harufu ya sabuni ya kufulia na shuka mbichi bado hunirudisha Kisangani ya miaka ya hamsini, nyuma ya nyumba ya wamisionari wa Sweden, ambako mama zangu wawili walikuwa wafuaji. Baba alikuwa na wake wawili. Mama Feza ndiye aliyenizaa. Mama Zaina, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye aliyenibeba mgongoni, akanilisha, akanilaza kitandani mwake. Wote niliwaita mama tu. Kwetu, kumuuliza mtoto ni yupi aliyemzaa ilikuwa aibu, nami sikuwahi kujiuliza.

Karin, binti wa wamisionari, alikuwa na miaka minane kama mimi. Alipenda kucheza ualimu, na mimi nilikuwa darasa lake zima. Alinifundisha kusema "changu" kwa Kiswidi: min kwa kiatu, mitt kwa jani, mina kwa vidole vyote. Nikikosea, alinigonga begani kwa kijiti. Nikipatia, alipiga makofi. Niliyapenda makofi yale kupita kiasi.

Asubuhi moja akaelekeza kijiti kwenye karo la kufulia. "Mama yako?"

"Mina," nikajibu kwa fahari, maana walikuwa wawili.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama iko mumoja! Nani alikuzala?"

Sikutaka kushindwa. Nikamnyooshea kidole Mama Feza. "Min mamma," nikasema, kisha, ili nisifiwe zaidi, nikapaza sauti: "Mama yangu iko huyu!"

Mikono ya Mama Zaina ikasimama ndani ya povu. "Bon, haya," akasema, "mutoto anajua kusoma sasa."

"Funga kinywa!" Mama Feza akanikaripia, lakini maneno yalikwisha kutoka. Mama Zaina aliendelea kunipikia kama kawaida. Kitandani mwake hakunilaza tena. Mvua zilipokwisha akapanda treni kurudi kwao Ubundu.

Nimesoma mpaka chuo kikuu, na ninahoji kila kitu: dini, walimu, serikali, hata swali la Karin, lilikuwa na haki gani ya kudai jibu moja. Mwaka niliohitimu nilimfuata Mama Zaina Ubundu. Alinipokea vizuri, akabandika pondu, mboga ya majani ya muhogo, na samaki. Jirani akachungulia. "Mutoto ya nani huyu, mama?"

Zamani angejibu bila kufikiri kwamba ni wake. Safari hii alikoroga chungu kwanza.

"Ya Feza," akasema, akanichagulia kipande kikubwa cha samaki.