Zege Lililopakwa Poda

Nilipohamia Sydney niliacha mwiko na timazi Dodoma, nikajifunza kazi ya kuhudumia wazee. Miaka ishirini ya kusimamisha kuta zilizonyooka ikaishia kwenye kukanda magoti na kugawa vidonge. Sikulalamika. Zege halikuwahi kuniuliza nimelalaje; wazee waliniuliza.

Wakati watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, nilikuwa na mteja mtaa wa Granville, bibi wa miaka themanini na kitu aliyewahi kufundisha sanaa. Sisi wa huduma tuliruhusiwa kutembea, kwa hiyo kwa wiki nyingi mgeni wake pekee alikuwa mimi na barakoa yangu. Siku alipogundua kwamba nilikuwa fundi mwashi, macho yalimng'aa. Uani alikuwa na mifuko ya saruji ya kazi zake za sanaa, ambayo hakuweza tena kuinyanyua. Kwenye ratiba yangu kulikuwa na kipengele cha shughuli za kumchangamsha mteja. Tukakubaliana kwamba zege linachangamsha.

Nikagonga boksi la mbao za uzio wake wa zamani, kwa vipimo alivyotaka yeye: upande mmoja mrefu, mwingine umelala, hakuna hata pembe moja iliyonyooka. Nikamuuliza tunatengeneza nini. Akasema hatutengenezi mfano wa kitu, tunatengeneza kitu chenyewe. Nikamwambia hata choo ni kitu chenyewe, na kina kazi. Alicheka mpaka nikamletea maji. Kisha akanieleza taratibu, kama anafundisha darasa la pili, kwamba mlima haufanani na chochote na hakuna anayeudai maelezo. Yeye alitaka uzito, na alama za mbao zilizoubeba, basi. Nikasema mlima unaleta mvua. Akasema kwa ubishi huo ningefaa kuwa msanii.

Tulipomimina zege, alinikataza kulishindilia sana. Tulipolifungua siku ya tatu, pembe ya chini ilikuwa na vishimo, kokoto zimetokeza kama meno. Kwa fundi hiyo ni aibu. Nyumbani Dodoma msimamizi angenivunjisha nguzo nzima. Basi alipojilaza baada ya chakula cha mchana, nikakoroga uji wa saruji, nikaziba, nikasugua mpaka pakalainika. Nilikuwa napiga na mluzi.

Akatoka na kigari chake cha kutembelea, akasimama mbele ya kazi yangu. Nikasubiri sifa.

"Nani amekuambia ulipake poda?"

Nikamweleza kwamba palikuwa na kasoro. Akakaa kwenye kiti cha kigari. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kwingine kote tumelilazimisha sisi," akasema. "Pale tu ndipo lilipojiamulia lenyewe."

Nikapiga magoti na msumari na brashi ya maji, saa nzima, yeye akinielekeza kwa juu kama daktari wa meno. Nusu ilitoka, nusu ilikuwa imeshashika. Ndipo kwa mara ya kwanza nikavitazama vile vishimo bila kutafuta wa kumlaumu. Kimoja kilizama ndani, cheusi, na kokoto moja ya bluu imeegemea mlangoni pake. Kilikuwa kizuri. Sikumwambia, ila aliuona uso wangu juu ya barakoa, akasema inatosha, tuache hivyo.

Jioni nilimwonyesha mke wangu picha kwenye simu. Akauliza kama limebomoka au bado linajengwa. Nikakasirika, mimi mtu mzima, kwa niaba ya zege.

Watu walipofunguliwa, ofisi ikanihamishia kwa mzee mwingine, mtaa wa Doonside. Wiki haikuisha bibi akanipigia: anataka jingine, refu zaidi. Nikamjibu kwamba sasa nitakuja kama mgeni tu. Akasema mgeni asisahau glavu.

Jumamosi tukaenda, mimi na mke wangu. Wao wawili walikaa kivulini na chai yao, wakinitazama nikisukuma toroli, wakicheka kwa sauti ya chini. Kila nilipogeuka, walinyamaza.