Gari Lililofichwa Nyuma ya Makaburi

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi ameliapia mbele ya mkewe, mbele ya mhariri na mbele ya paka wa nyumbani, na paka hakuonyesha shaka yoyote.

Saa moja kasorobo asubuhi, baridi inauma masikio, na Mzee Mukaida Tsuneo, mwenye umri wa miaka sitini na tisa, amesimama kwenye lango la kiwanda cha Hamaoka, mjini Fuchu, ubavuni mwa Hiroshima. Amevaa glavu nyeupe, kofia ya mlinzi, na suruali ambayo mkewe ameipiga pasi mpaka mkunjo wake unaweza kukata tofu.

Magari ya wafanyakazi na wageni yanaingia moja moja. Mzee hamtazami dereva. Anatazama pua ya gari, pale penye nembo. Likiwa Mazda, anainama kidogo na kuonyesha kushoto, ndani ya uzio. Likiwa jingine, anainama zaidi, kwa heshima inayochoma, na kuonyesha ng'ambo ya mto.

"Samahani sana, bwana. Kule, ukivuka daraja."

"Mzee wangu, si unaona theluji hii?"

"Naiona, bwana. Pole sana. Kule."

Hamaoka hutengeneza mipira ya kuzuia mvua kwenye milango ya magari, na mipira hiyo huenda Mazda. Mwenye kiwanda aliamua zamani kwamba nafasi za ndani ni za magari yanayomlisha. Mengine yakapumzike mtoni. Mzee Mukaida ameilinda amri hiyo kwa miaka tisa, kwa ukali kuliko mwenye kiwanda mwenyewe. Inasemekana siku ya mazishi ya baba wa tajiri, gari la kubeba jeneza lilipofika na nembo ngeni, Mzee alilipeleka mtoni na padri wa hekalu akatembea kwa miguu na kengele yake mkononi.

"Huo ni uongo," anasema Mzee, akivua glavu. "Sikulipeleka mtoni. Nililiomba tu lisimame nje ya lango."

Angecheka, lakini siku hizi kicheko chake hakifiki mbali. Tangu mwaka mpya, mlinzi huyu naye ana gari lisilo la Mazda.

Kuelewa uzito wa jambo hilo, sharti kumjua alikotoka. Baba yake Mzee Mukaida alifunga magurudumu kwenye magari ya Mazda ya matairi matatu, katika majira yale ya baridi baada ya bomu, wakati kiwanda kilichonusurika nyuma ya kilima cha Hijiyama kilipoanza tena kutoa gari moja moja. Kabla ya magari, kampuni hiyo ilikuwa ikiuza vizibo vya chupa vya mti wa koki. Watu wa hapa huipenda habari hiyo ya vizibo. Huisimulia kama mtu anavyosimulia kwamba tajiri fulani alianza kwa kuuza karanga.

"Nyumbani tulikula Mazda, tukavaa Mazda," anasema Mzee. "Mama alipokuwa na uchungu wa kunizaa, alipelekwa hospitali nyuma ya gari la matairi matatu. Mimi nilikuwa mzigo kabla sijawa mtu."

Aliajiriwa Mazda mwaka 1974, akiwa na miaka kumi na minane. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, na magari ya injini ya rotari, yale yaliyokuwa fahari ya mji kwa sauti yake nyororo, yalikuwa yakinywa mafuta kama bwana harusi anywavyo sake. Magari hayakununuliwa. Wafanyakazi wa kiwandani walivalishwa tai na kutumwa miji ya mbali kubisha hodi na kuuza. Mukaida alitumwa Osaka.

"Nilikuwa najua bisibisi tu. Nikifungua mdomo, watu wanacheka lafudhi yangu. Mwanamke mmoja alinimwagia maji ya kuoshea mchele."

Gari la kwanza, anasema, alimuuzia daktari wa meno. Alijifanya mgonjwa, akakaa kitini, na kwa kuwa mdomo wake ulikuwa wazi umejaa vyuma, alilieleza gari zima kwa mikono.

Mkewe, Bi Fumie, anakumbuka tofauti. "Jino liling'olewa, hilo kweli. Gari halikununuliwa."

Alirudi Hiroshima na kuwekwa kwenye mstari wa milango. Alikaa hapo mpaka alipostaafu. Alikuwa hapo mwaka 1991, Mazda iliposhinda mbio za saa ishirini na nne kule Ufaransa, na watu wazima walilia juu ya visanduku vyao vya chakula. Alijifunza kujua mlango kwa sikio. "Mlango mzuri haupigi kelele," anasema. "Unafunga kama mtu aliyekubali kosa."

Kisha anatazama chini, kwa sababu neno hilo limemponyoka.

Wana mtoto mmoja, Kohei. Ni mhandisi. Alipomaliza chuo aliajiriwa na kampuni kubwa ya mkoa wa Aichi, ambayo Mzee halitaji jina lake. Husema "wale wa Nagoya". Mwaka ule Kohei aliporudi nyumbani kwa sikukuu za mwisho wa mwaka, baba yake alimwambia maneno mawili tu siku zote tatu.

"Maneno gani?"

"'Lete chumvi.'"

Vuli iliyopita Bi Fumie alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Akawa anatembea na fimbo, na kila Jumatatu na Alhamisi alitakiwa kliniki kwa mazoezi. Mazda yao ndogo ilikuwa chini mno. Kuingia ndani yake ilikuwa kama kushuka kisimani. Mwaka mpya Kohei akaja na gari. Ukibonyeza kitufe, kiti cha abiria kinageuka, kinatoka nje ya mlango na kushuka taratibu mpaka kimfikie mtu aliyesimama, kama mkono wa mkwe mwenye adabu.

"Baba, hili ni la Mama," Kohei alisema. "Si lako. Usiitazame nembo, tazama kiti."

"Majirani watatazama nini?"

"Waambie watazame kiti."

Mtaa wao uko mlimani, na kila nyumba kuna mstaafu wa Mazda. Mzee Mukaida hakulala. Alfajiri alishuka na gari lile hadi hekalu lililo chini ya mteremko, akamwomba padri nafasi nyuma ya makaburi, akalifunika kwa turubai mpaka matairi. Hulipia yen elfu tano kwa mwezi kutoka mshahara wa mlinzi ambao haufiki laki moja na nusu.

Hivyo kila Jumatatu na Alhamisi, siku anazoshika zamu fupi, Mzee alitangulia chini kufunua gari. Bi Fumie alifuata nyuma yake, peke yake, na fimbo, akishuka mteremko ambao hata mtu mwenye nyonga mbili nzima huushuka kwa kushika ukuta.

"Nilimwambia, Baba Kohei, lilete gari mlangoni," anasema Bi Fumie, bila hasira. "Akaniambia, 'Subiri kidogo tu, mama. Watu wakizoea.' Nikamuuliza, watazoeaje kitu ambacho hawakioni?"

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha. Mzee alikuwa nyuma ya makaburi, amekunja turubai nusu, aliposikia fimbo ikigonga mawe na kubingirika. Kisha akasikia sauti ya mkewe. Haikuwa kelele. Ilikuwa "a" moja, fupi.

Alipotaka kukimbia, akasikia sauti ya pili.

"We! Mama Kohei! Umeanguka?"

Ilikuwa sauti ya Kanbara Isao, mzee wa miaka sabini na mitano, aliyekuwa msimamizi wake kwenye mstari wa milango. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao.

Hapa Mzee Mukaida anazikunja glavu zake, anazikunjua.

"Nilijua ni mke wangu," anasema. "Nilijua ameanguka. Nikachuchumaa."

Alichuchumaa nyuma ya kaburi la mtu asiyemjua, mkono wake ukiwa bado umeshika turubai, akamsikiliza mwanamume mwingine akimwinua mkewe.

"Ulikuwa unakwenda wapi huku, na mguu huo?" Kanbara aliuliza.

"Kusalimia makaburi."

"Bila maua? Bila ubani?"

"Nimesahau."

"Na Mukaida yuko wapi?"

"Ana kazi," Bi Fumie alisema. Magoti yake yalikuwa na matope, na bado alimsitiri mume wake.

Kanbara alimpeleka nyumbani kwa gari lake, Mazda nyekundu ya viti viwili isiyo na paa, iliyo chini kiasi kwamba mtu huivaa badala ya kuipanda. Kila jiwe la mteremko Bi Fumie alilisikia nyongani. Nyuma ya makaburi Mzee alilifunika gari upya, kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Anasema hajui kwa nini alijali zile pembe.

Jioni Kanbara alibisha hodi na mfuko wa machenza. Mzee alimkaribisha, akammiminia chai, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Asante kwa kumsaidia mama, Mkubwa."

"Inuka, kijana," alisema Kanbara, ambaye amemzidi kwa miaka sita tu. "Nimekuja kwa habari ya lile gari."

"Gari gani?"

"Mukaida."

"Mkubwa, gari gani?"

"Lile la wale wa Nagoya, chini ya turubai. Padri alituambia tarehe nne Januari. Mtaa mzima unajua. Mke wangu anajua. Muuza tofu anajua. Mimi nimelifunua, nimekaa kwenye kile kiti, nimebonyeza kitufe mara mbili. Kiti kizuri sana."

Mzee Mukaida akakiweka kikombe chini. "Basi mtaa mzima umenicheka."

"Kwa gari? Nani acheke? Shemeji yangu ana gari la kampuni ya Hamamatsu, na kila Jumapili namsaidia kuliosha." Kanbara alimenya chenza na hakulila. "Tulikuwa tunatazama kitu kingine. Kila Jumatatu na Alhamisi, madirishani, tunamtazama mkeo anashuka kwa fimbo. Tunasema, leo atamletea gari. Leo hakika. Kisha tunafunga pazia, maana hatukujua tukuambieje."

Kanbara alivaa viatu, na mlangoni akageuka.

"Leo asubuhi niliiona kofia yako," alisema. "Nyuma ya kaburi. Sikumwambia mama."

"Nilikuwa nimeiona hata mimi," Bi Fumie alijibu kutoka jikoni.

Siku iliyofuata, Mzee Mukaida aliliendesha gari la mkewe hadi lango la Hamaoka, mchana kweupe. Akashuka. Akavaa glavu nyeupe, akasimama mbele ya gari lake mwenyewe, akatazama nembo, akainama sana, na kujionyesha ng'ambo ya mto. Akaliegesha huko na kurudi kwa miguu akivuka daraja, na wafanyakazi waliokuwa wakinywa chai wakampigia makofi hadi mipira ya milango ikatikisika kwenye rafu.

Habari hii, ilivyoandikwa kwanza, iliishia hapo. Mwandishi aliipenda sana. Alikwenda nayo kwenye kibanda cha okonomiyaki karibu na kituo cha treni, ambako Bi Fumie na mumewe walikuwa wanakula, akawasomea huku chapati zao za kabichi na chaza zikikaangwa kwenye bamba la chuma. Kibanda kilikuwa kimejaa wanaume wenye makoti ya kazi ya Mazda.

Bi Fumie aliweka kijiko chini.

"Nani amekuambia hayo ya daraja?"

Mwandishi alisema aliyasikia.

"Kwa nani? Huyu?" Alimtazama mumewe, na mumewe akaitazama kabichi. "Hajafika Hamaoka na lile gari hata siku moja. Analileta mlangoni sasa, ndiyo. Anakuja na kofia mpaka machoni na barakoa, kama mwizi wa benki. Na leo ameliegesha kule nyuma ya stendi ya baiskeli. Tumetembea."

"Ni karibu," Mzee alisema kwa sauti ndogo.

"Ni karibu kwako."

Kwenye meza ya jirani mtu alikohoa ndani ya bia yake.

"Andika hivi," Bi Fumie aliendelea. "Mwezi wa nne wazee wa mstari wa milango wanakwenda kutazama maua ya cherry. Amesema atanipeleka kwa gari lile, na atakibonyeza kitufe mbele yao wote. Andika kwamba amesema. Usiandike kwamba amefanya."

"Nitafanya, mama," Mzee alisema. "Bado naona aibu. Zamani niliona aibu ya gari. Sasa ni ya lile kaburi. Nikikaa kwenye usukani naiona kofia yangu kama alivyoiona Kanbara."

"Na mwongo alipe," alisema mwenye kibanda, akiwa ameinamia bamba lake na amesikia kila kitu. "Hii ndiyo desturi yangu."

Mwandishi alisimama kulipia watu watatu, na bia ya yule aliyekohoa. Alipokuwa anatafuta pochi, Mzee Mukaida naye alisimama. Alichukua funguo za gari mezani. Kofia na barakoa aliviacha juu ya kiti, akatoka nje, na hakwenda upande wa stendi ya baiskeli kwa haraka. Alisimama kwanza chini ya taa ya barabarani, mikono mifukoni.

Bi Fumie alimtazama kupitia kioo, kisha akaushika mkono wa mwandishi uliokuwa na noti.

"Lipa polepole," alisema. "Mpe muda."