Mafuta ya Mbarika Niliyompaka Mwanangu

Kitinda mimba wangu alikuwa na miezi minne nilipompaka dawa ya kiwandani kwa mkono wangu mwenyewe. Sitajitetea.

Wakati huo nilifanya kazi kwenye banda la kutengeneza sponji za magodoro, Industrial Area. Mafuta ya ng'ambo yalikuwa yameadimika, mwenye banda akaanza kununua mafuta ya mbarika kutoka kwetu Ukambani. Kazi ilikuwa hivi: mafuta kwanza, kisha dawa ya kuzuia moto, na mwisho ile dawa kali iliyotutoa machozi. Ukikoroga upesi na kumimina sandukuni, rojo linaumuka lenyewe kama unga wa mandazi. Sponji ikikauka, fundi anakata kipande anakiwashia kiberiti. Kisichotiwa dawa kiliwaka na kudondosha matone ya moto. Kilichotiwa kilifanya weusi kikazima. Sisi tuliolala chumba kimoja na stovu tuliiona kazi hiyo ni ya maana.

Lakini mbarika tuliijua kabla ya sponji. Nyanya zetu waliwapaka watoto wachanga mafuta hayo, ngozi isipasuke. Basi Jumamosi moja nikachota chupa moja kwenye pipa la pembeni, nikaificha chini ya leso niliyojifunga. Sikuomba. Wizi ni wizi, hata wa mafuta.

Nilimpaka mtoto jioni ile, na Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, na jioni tena. Alinukia vibaya kidogo. Nikasema ni mafuta mapya.

Jumatatu fundi akatuambia, kama anayetaja hali ya hewa, "Akina mama, lile pipa la pembeni msiongeze dawa ya moto. Nilishaitia tangu Ijumaa."

Nikisema, nafukuzwa. Nisiposema, jirani yangu niliyemwachia mtoto atampaka tena akishamwosha, maana ndivyo nilivyomwagiza. Nikaweka mti wa kukorogea chini.

"Fundi, hiyo dawa ikipakwa mtu?"

"Nani apakwe? Wewe mama, unataka kujikinga na jehanamu?"

Watu wakacheka. Nikamwambia ni mtoto wangu, siku mbili sasa. Kicheko kikakatika. Na hapo wanawake wawili wa kwetu, waliokuwa wakikata sponji upande wa pili, wakaanza kufungua aproni zao. Mmoja alikuwa na mapacha.

Fundi alitutazama sisi watatu. "Mwende," akasema. "Sabuni na maji ya vuguvugu, kisha hospitali. Sijui inamfanya nini mtoto. Nasema kweli, sijui."

Afadhali angenidanganya.

Nilivuka reli mbio hadi nyumbani, Makongeni. Jirani yangu, mama wa Kiluhya mwenye mdomo, alikuwa mlangoni na mtoto mapajani.

"Umempaka?"

"Nimpake nini, hiyo takataka yako? Nilitia kidogo kwenye koroboi nione kama ni mafuta kweli. Utambi ukakataa kuwaka. Mafuta yanayokataa moto nimpake mtoto wa watu?"

Nilimvua mtoto. Shingoni na kwenye mikunjo ya mapaja alikuwa mwekundu kama aliyechomwa na mvuke. Nilimwosha mara tatu, naye analia, nami nafurahia kilio, maana mtoto anayelia anapumua.

Zahanatini tulikutana wote watatu kwenye benchi moja, watoto wanne. Nesi akauliza ni dawa gani. Tukatazamana. Miaka miwili tunaikoroga, hakuna aliyejua jina lake. Yule wa mapacha akasema, "Ni ile ya kuzuia moto," nesi akaweka kalamu chini.

"Mama, hiyo si jina."

Nikawaachia wenzangu mtoto nikarudi bandani kwa miguu. Fundi alinakili jina la kwenye debe, herufi kwa herufi, kwenye karatasi ya kufungia sponji. Nilirudi nimeishika kwa mikono miwili. Sikuweza kuisoma. Nesi aliisoma, akaingia kwa daktari, akafunga mlango, na sisi tukakaa pale tukiwasikiliza watoto wakipumua, mmoja baada ya mwingine, kisha tunaanza tena na wa kwanza.