Ukuta Uliopakwa Pilipili

Nakumbuka siku ile, mwanangu, nilipotwanga pilipili kwa hasira, nikaichanganya na tope na kuukandika ukuta wa jiko langu pale Nandagala. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Mama yangu mzazi alishafariki, na alichoniachia ni mbuzi jike mmoja, ambaye sasa alikuwa na watoto wawili. Mvua zilikatika zamani, majani yamekauka, na watoto wale hawakui. Manyoya yamewasimama, miguu myembamba, na kila asubuhi nawakuta wanalamba ukuta mpaka fito zinaonekana. Nyumba yangu mpya! Nikasema huu ni ukorofi.

Walipoionja ile pilipili walipiga chafya, wakarudi nyuma, nami nikacheka. Mama mkwe, mtu wa maneno machache, akaja na ungo wake mkononi, akaunusa ukuta.

"Mkamwana, hawa wanakuomba chumvi," aliniambia. "Wewe unawaziba mdomo."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kumbe kwa kulinda tope nilikuwa karibu kuwapoteza mbuzi wa mama yangu. Hakunisema tena. Alinichukua hadi kwenye kichuguu tulikochimba udongo wa nyumba, tukauponda, tukauchanganya na majivu yaliyochekechwa na chumvi kidogo, akafinyanga donge. Lilipokauka tukaliweka zizini, karibu na maji. Wale watoto hawakubanduka pale. Mvua ziliporudi walikuwa wanarukaruka uwanjani, na mmoja wao, jike, baadaye naye akazaa.

Juzi umenipigia simu kutoka Kiegei, unalalamika mbuzi wanakubomolea ukuta. Weka fimbo chini, mwanangu. Majani ya kiangazi yanajaza tumbo, lakini mtoto wa mbuzi hapati cha kujengea mifupa. Siku hizi ni rahisi, duka la dawa za mifugo pale Nachingwea mjini wanauza jiwe la madini la kulamba. Lifunge zizini mvua zinapokatika tu, usingoje wakonde, na maji yasikosekane. Na yeyote anayekuudhi, mnyama au mtu, muulize kwanza anakosa nini.

Mungu akukuzie mifugo na wanao. Amrehemu na mama mkwe wangu, kila siku namshukuru, kwa sababu hao wanaokulambia ukuta ni kizazi cha yule jike.