Vikinga Magoti vya Mume Wangu

Mimi tandiko nililolijua ni la punda. Kwa hiyo mume wangu alipoingia na mfuko mweusi, akautua juu ya meza ya kulia, akasema ndani mna tandiko, nilimuuliza kwa wema kabisa: "Na punda mwenyewe umemfunga garajini?"

Hakucheka. Hapo ndipo ilipokuwa shida yetu yote. Mume niliyeolewa naye Mombasa alikuwa mtu wa kucheka mpaka jirani anagonga ukuta. Tangu alipofariki baba yake, hata tabasamu lilikuwa la kuomba. Makaratasi yetu ya uhamiaji yalikuwa bado kwa wakubwa, ukitoka hurudi, basi akamzika baba yake kwa simu ya kadi, na kadi yenyewe ikaisha kabla ya dua. Watu walikuja mpaka kutoka Alief kutupa pole, nyumba yetu ya Pearland, huku Texas, ikajaa, na yeye ndiye aliyekuwa akizunguka na birika la chai, "karibuni, karibuni," macho makavu. Wanaume wakamsifu, ati huyo ndiye mwanamume. Mimi nikamwona si wangu. Nilimtaka wangu, yule wa kelele, na nikaapa nitamrudisha kwa njia yoyote.

Lile tandiko alipewa na dereva mwenzake wa malori, Mmarekani mwenye ndevu nyekundu ambaye ukoo wake una msitu wa misonobari kaskazini ya Houston. Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu. Unaukalia, unajifunga kwa kamba kwenye shina huko juu, miguu inakanyaga kibao kidogo, na wewe unaning'inia umeuelekea mti, upinde mkononi, unangoja kulungu apite chini. Unangoja masaa. Na kinachokuzuia usijibamize kwenye mti ni magoti yako, yameegemea gome.

"Unamwona kulungu, unasema bismillahi, unaachia mshale. Halali kabisa," akanieleza.

"Na ukianguka tuseme nini?"

Akaenda zake. Alirudi jioni hana kulungu, hana hata unyoya, lakini wallahi alikuwa na uso. Alikaa mezani akatuhadithia jinsi kindi alivyompanda begani, akamkagua sikio, akashuka zake kama mkaguzi wa nyumba. Watoto wakaiacha televisheni. Mimi nikamwangalia nikasema moyoni, Mola wangu, huu mti niko tayari kuununua.

Kisha akakunja suruali. Salaale! Magoti yalikuwa yamekunwa kama nazi. Wiki nzima alisali juu ya kiti, mtu mzima na nguvu zake, na nikimpaka dawa anapiga mayowe kuliko wagonjwa wangu wote wa hospitali. Safari ya pili alishuka mtini kabla jua halijakaa sawa. Ya tatu hakwenda. Akarudi kwenye sofa yake na rimoti yake na ile "sina kitu, nimechoka tu." Nadhani Texas nzima nilikuwa mke wa pekee anayemwomba mumewe atoke nyumbani Jumamosi.

Basi nikaingia kwenye habari ya magoti.

Vikinga vya kwanza alivinunua mwenyewe, vile vya mafundi wa vigae, vyenye gamba la plastiki mbele. Tukavijaribu kwenye nguzo ya baraza ya nyuma. Akajifunga tandiko, akaegemea nyuma, magoti yakagusa nguzo: ko! Akajisogeza kidogo: ko, ko!

"Bwana, unawapigia hodi?" nikamwambia. "Unataka kulungu wakuitikie karibu?"

Vya pili vilikuwa vya binti yetu, alivyochezea voliboli shuleni. Laini, havina kelele, nikafurahi. Lakini mume wangu miguu yake Mungu aliiumba kwa haraka, haina nyama ya kushika kitu. Aliondoka nyumbani vikiwa magotini, akarudi vikiwa vifundoni, na magoti yale yale ya nazi.

Hapo mimi mwenye kiburi changu nikasema, hawa Wamarekani hawajui kushona. Nikaikata sponji ya sofa ya zamani, nikaizungushia kanga, nikatia lastiki. Kanga yenyewe nyekundu yenye maua ya manjano, na kwa kuwa nilikata bila kuangalia, maneno yake yalikatika katikati, goti la kulia lina nusu na la kushoto lina nusu. Ukitaka kumsoma mume wangu ilikuwa sharti abane miguu. Alivaa bila kulalamika, maskini, na jambo hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu mume wangu wa zamani angenilalamikia mpaka Ijumaa. Yule wa ndevu nyekundu alipoviona, akasema kwa adabu kwamba vina rangi. Sponji nayo ilikuwa imelala bapa kama chapati kabla ya adhuhuri.

Nilikasirika na nafsi yangu, maana kazi yangu hospitalini ni kugeuza wagonjwa vitandani wasiote vidonda. Nyama ya mwanadamu na mahali inapokandamizwa ndiyo riziki yangu. Najua kuwa mto unaokupokea kwa mapenzi mengi ndio wa kwanza kukuangusha mpaka kwenye ubao. Unabonyeza kwa kidole gumba: kidole kikigusa upande wa pili, weka chini, nenda zako. Nilijua haya yote na bado nilimshonea mtu kanga.

Siku yangu ya mapumziko nikaendesha gari mpaka kwenye duka moja kubwa la wawindaji kule Katy. Nilivaa baibui langu na mtandio. Mlangoni kuna dubu mzima amesimama, amekaushwa, ananitolea meno. Nikamwambia, "Na wewe salamu zako," nikapita.

Nilipata rafu ya vikinga magoti, nikavibonyeza vyote kwa kidole kama mwenye kuchagua maembe. Vilivyofaulu nikavivaa hapo hapo, ndani ya baibui, kila goti na chake. Nikavua viatu, nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji katikati ya njia. Lakini kupiga magoti tu hakutoshi, mtini mtu ameegemea. Kwa hiyo nikainamia mbele, paji la uso likagusa nguzo ya rafu, nikafumba macho, nikawa nayasikiliza magoti.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipofumbua macho, kelele za duka zilikuwa zimekwisha upande ule. Mzee mmoja wa Kizungu, mrefu, alikuwa amesimama mwisho wa njia, kofia yake pana ameivua na kuiweka kifuani. Kigari chake cha kubebea bidhaa amekiweka kukinga njia, na kila anayekuja anampungia mkono: pita kule, pita kule, mama anasali.

Astaghfirullah! Nilitamani ile saruji inimeze. Kujifanya nasali siwezi, ibada haifanyiwi mchezo. Kuinuka nikaenda zangu nimwache mzee wa watu na heshima zake mkononi, pia siwezi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Baba, mimi sisali. Najaribu vikinga magoti."

Akairudisha kofia kichwani, wala hakuona haya. "Vinasemaje?"

"Cha kulia kizuri. Cha kushoto kinanung'unika."

Akaja. Akashuka chini kwa awamu, huku mifupa inalia, akapiga magoti kando yangu na vikinga vingine alivyovitoa rafuni. "Mke wangu miaka yote ananiombea nipige magoti," akasema. "Laiti angejua nimekuja kuyapigia hapa!" Nilicheka mpaka mtandio ukanitoka. Tukabaki hapo chini, yeye na mimi, tunabadilishana vikinga kama watoto. Akanionyesha kwamba mkanda usipite nyuma ya goti, mahali mguu unapokunjwa, uende chini yake, tena uwe mmoja mpana.

"Mumeo anapenda sana kuwinda?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Amefiwa na baba yake."

Sijui kwa nini nilisema vile. Sikuwa nimepanga, na si jibu la swali lake. Yule mzee hakunipa pole. Alitazama vikinga vyake kidogo, akavifungua, akanisogezea. Vilikuwa vinene, vyeusi, vibaya kwa sura. "Basi chukua hivi," akasema. "Kwa hivi anaweza kukaa siku nzima." Nikamshika mkono kumwinua, naye akanishika kuniinua mimi.

Jumamosi mume wangu akaondoka navyo. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita. Alasiri nikaanza kuzunguka jikoni roho juu. Nilikuwa nimeshafikia kumtukana yule mzee wa kofia, mara mume wangu akasimama mlangoni, macho mekundu, yamevimba.

"Umeumwa na nyuki?"

"La." Akakaa sakafuni kuvua viatu. Magoti yalikuwa mazima, safi, yanang'aa. Nikataka kupiga vigelegele.

"Haya, kulungu yuko wapi?"

"Wamepita. Dume, na majike wawili nyuma yake."

"Wamepita! Na mshale?"

"Sikuwaona vizuri."

"Ala! Na macho yote hayo?"

"Yalikuwa na machozi." Akakiweka kiatu kimoja kando, polepole. "Nimemlilia baba. Nimelia tangu asubuhi. Walinisikia, wakakimbia."

Mimi nikikosa la kusema huwa nasema. Nikawaka. "Muda wote huu! Mimi mkeo niko hapa, nina bega, tena pana, unalijua, na wewe unakwenda kuulilia mti wa watu?"

"Wewe ungeniambia ninyamaze."

"Mimi?"

"Wewe, na kila mtu. Nyamaza bwana, Mungu akupe subira, nyamaza, jikaze, nyamaza. Nimenyamaza mpaka nimechoka."

Na uso wake ukaanza kuvunjika tena, pale pale, na kiatu kimoja mguuni. Mimi nimeshapiga magoti kando yake, mkono uko mgongoni mwake unapigapiga, mdomo nimeshaufungua, na neno limeshafika kwenye ncha ya ulimi, lile lile alilolisema. Nikaliuma. Mkono nao nikautuliza. Nikakaa sakafuni na domo langu hili lote, nikamwacha alie.