Siku Niliyomtemea Zaituni Mate

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne katika shule moja karibu na Shianda, nilikuwa nikila chakula cha mchana nimeelekea ukuta. Hakuna mwalimu aliyeniamuru. Watu walisema nyanya yangu, aliyemzaa baba, alikuwa na jicho: akikutazama ukila, tumbo linakukata mpaka yeye mwenyewe akutemee mate. Jicho hilo, walisema, hurithiwa na wasichana. Basi wenzangu walifunika githeri yao kwa daftari kila nilipopita, nami nikaona heri nijigeuze mapema, niwapunguzie kazi.

Muhula wa pili Zaituni alihamia kwetu kutoka Mumias. Alikuja na sahani yake, akaketi mbele yangu.

"Hawajakuambia?" nikamuuliza.

"Wameniambia. Wewe kula tu, inapoa."

Tulikula pamoja siku tisa. Nilizihesabu, na sioni haya kusema hivyo. Siku ya kumi alijikunja chini akilia, mikono tumboni. Asubuhi alikuwa amekula mapera mabichi, tena mengi, nilimwona kwa macho yangu. Lakini darasa zima lilinizunguka.

"Mtemee! Nyanya yako hutemeanga watu wanapona!"

Nikimtemea, nimekiri. Nikikataa, nimemwacha rafiki yangu wa pekee aumie. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, anatazama tu. Neno moja kutoka kwake lingetosha, na mpaka leo sijamsamehe.

"Nafula, fanya tu," Zaituni akaniomba. "Inauma sana."

Nikapiga magoti, nikamtemea, nikamsugua tumbo kwa kiganja. Kufikia kengele ya jioni alikuwa mzima.

"Kumbe ni kweli," aliniambia taratibu, bila ubaya wowote. Kesho yake aliketi na wengine, na sahani yake ilikuwa imefunikwa.

Nilimchukia miaka mingi, nikaacha. Alikuwa mtoto aliyeumwa, akapona, akaamini alichokiona. Wale wengine pia nimewasamehe, maana waliyasema waliyoyasikia nyumbani. Linalonikereketa ni jingine. Jioni ile nilirudi nyumbani peke yangu kati ya mashamba ya miwa. Niliyajua yale mapera, nilijua yalikuwa mabichi kiasi gani, lakini nilipofika kwetu hata mimi nilikuwa nimeamini.