Mgawa maji wa Rujewa na saa isiyovuka ufito

Saa moja na nusu asubuhi, maji ya mfereji mkuu yanamfika Liberatus Mgaya kifuani. Amezama mara ya pili na kuibuka na bonge la magugu, matawi na mfuko wa mbolea uliochanika. Anavitupa ukingoni kwa hasira, kana kwamba kuna mtu alivitia humo makusudi.

Geti namba mbili limekwama. Huku nje kidogo ya mji wa Rujewa, wilayani Mbarali, geti likikwama wakati wa kupandikiza mpunga, mkulima mmoja jaruba linamkauka na mwenzake linafurika.

Juu ya tuta, nyuma yake, kuna ndoo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko. Ndani ya ndoo kuna simu. Mkononi mwa Liberatus kuna saa nyeusi ya kisasa, ile ya kupokea simu. Na mbele yake kidogo, ukingoni, umechomekwa ufito wenye kitambaa chekundu.

"Nikiupita ule ufito, mimi ni maiti," anasema akijifuta uso kwa kiganja. "Dunia nzima inipigie, sisikii. Halafu mageti mengine mawili yako huko mbele. Sasa niambie, hii ni saa au ni mzaha?"

Liberatus ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa karibu na Mgololo, mkoani Iringa, na ujana wake aliumalizia kwenye vibarua vya kiwanda cha karatasi. Anakikumbuka kiwanda kwa jambo moja tu: king'ora.

"Kikilia, hata aliyelewa anajua zamu imekwisha. Hakuna cha mtandao, hakuna cha kifurushi. Kinalia, unasikia, basi."

Aliufuata mpunga huku bonde la Usangu, akakodi majaruba, akafilisika mwaka wa mvua mbaya, ndipo chama cha wamwagiliaji kikamwajiri kugawa maji. Analipwa shilingi laki mbili kwa mwezi, na wakati wa mavuno wanachama humpa magunia ya mpunga. Mageti manne yako chini yake, peke yake.

Kazi yenyewe ni ya mikono na masikio. Mto ukijaa, mlinzi wa banio, kule juu maji yanakochepushwa kutoka mtoni, humpigia simu: funga. Mkulima akikaukiwa humpigia: fungua. Namba yake imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kila geti, kubwa kuliko jina la chama.

Tatizo ni kwamba mikono yake muda mwingi iko ndani ya maji, na simu na maji haviivi chungu kimoja. Simu ya kwanza ilizama ikiwa mfukoni. Ya pili ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni aliouamini. Ya tatu aliifunga kichwani chini ya kofia, na wanachama wa chama hicho bado wanacheka kila wakiisimulia, kwa sababu aliinama kulisalimia geti, na kofia ikaenda Zambia.

Baada ya simu ya tatu, chama kiliona aibu. Wanachama walichanga, na mwenyekiti wao, Gwakisa Mwaipopo, akapanda basi kwenda Mbeya mjini kununua saa isiyoogopa maji, inayopiga na kupokea simu yenyewe. Bei ilikuwa shilingi laki tatu na themanini elfu.

Masuma Fidahussein, mwenye duka la simu alikoinunua, anaikumbuka siku hiyo vizuri, na kila akiikumbuka anashika kichwa.

"Nilimwambia, kaka yangu, saa uwezo inao, lakini kwanza ulizia mtandao kama unaikubali," anasema Masuma. "Akanijibu, mtandao Rujewa upo, minara naiona kwa macho yangu. Nikamwambia siyo minara! Akaniambia, mama, funga mzigo, basi linaondoka."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Saa za aina hii hazina mahali pa kuchomeka kadi ya simu. Laini yake lazima iingizwe na kampuni ya mtandao kutoka kwenye mitambo yake. Kampuni isipoiingiza, saa inabaki kivuli cha simu: ikiwa karibu na simu inaita, ikisogea mbali inanyamaza kimya. Mnara unaweza kusimama juu ya kichwa chako na usikusaidie kitu.

Masuma mwenyewe ana saa kama hizo nne kwenye kabati la kioo. Haziuziki. "Wateja wanazirudisha, wananitukana mimi. Mtandao hawautukani, maana mtandao hauna dirisha la kurudishia vitu."

Liberatus alianza safari ya kuisajili saa yake. Alianzia Mbeya, kwenye ofisi ya kampuni inayomiliki namba yake ya siku zote. Alivaa shati la Jumapili. Binti wa dirishani, Jackline, alimpokea kwa adabu zote.

"Shikamoo baba. Eh, saa yako nzuri sana!"

"Marahaba. Nzuri naijua, mwanangu. Iwekee laini."

Jackline akabofya, akasoma, akabofya tena. Huduma ipo, akasema, ila ni kwa wateja wanaolipia mwisho wa mwezi, siyo wanaoweka vocha. Ili kuingia kundi hilo, Liberatus angetakiwa kuweka dhamana ya shilingi laki moja na nusu, kisha kila mwezi alipe elfu arobaini na tano za simu, na juu yake elfu ishirini za saa.

"Elfu sitini na tano," Liberatus anasimulia. "Kwenye laki mbili. Nikamuuliza, binti, hii laini inakuja na ng'ombe?"

Binti alicheka. Meneja aliyekuwa anapita hakucheka. Alimweleza kwamba huduma hiyo imelenga watu wa maofisini, wanaofanya mazoezi jioni bila kubeba simu.

Liberatus akimfikia meneja huyo kwenye simulizi lake, hukunja ngumi. "Mtu anayekimbia apunguze kitambi, huyo ana laini. Mimi ninayezama kwenye maji ili watu wapate ubwabwa, sina. Huo ubwabwa anaula nani? Si ni yeye!"

Hakukata tamaa. Wiki iliyofuata alielekea upande wa pili, Iringa mjini, kwenye ofisi ya kampuni nyingine. Aliingia akasalimu "Kamwene" kwa sauti, na akafurahi kuitikiwa kwa lugha ya kwao. Furaha ikaishia hapo.

Kampuni hiyo inakubali wateja wa vocha. Lakini saa ingepewa namba mpya, tofauti na ile iliyoandikwa kwenye mageti, na ingepokea simu pale tu mteja anapokuwa amenunua kifurushi maalumu cha mwezi, elfu thelathini na tano, chenye intaneti lukuki.

"Nikawaambia, intaneti ya nini? Mimi nataka kusikia maneno matatu tu: 'Libe, funga geti.' Nipunguzieni, niuzieni maneno matatu. Wakasema mfumo hauruhusu. Kila mahali ni mfumo hauruhusu. Huo mfumo ni mtu gani? Anakaa wapi? Nimpelekee magugu."

Kampuni ya tatu ilimjibu kwa simu kwamba huduma hiyo inatarajiwa. Inatarajiwa lini, aliyempigia hakujua.

Aliporudi, aliomba chama kisaidie kulipia kifurushi cha Iringa. Mwenyekiti Gwakisa, ambaye ndiye aliyeona minara kwa macho yake, alikuja juu. "Saa tumenunua. Sasa tununue na hewa?"

Basi Liberatus akafanya alichoweza. Alinunua ndoo yenye mfuniko, akaiweka simu ndani, akatembea na saa mkononi hadi mahali inapokata, akachomeka ufito, akaufunga kitambaa chekundu. Wanachama wakipita wakawa wanamtania: Libe kachora mpaka wa nchi, subirini ataanza kudai pasi za kusafiria.

Utani huo uliisha mwezi uliopita. Mvua ilinyesha milimani, mto ukajaa, mlinzi wa banio akapiga simu. Liberatus alikuwa geti namba nne, mbali kabisa na ufito, anatoa gogo. Simu ililia ndani ya ndoo, ikalia, ikachoka. Maji yakateremka kupitia geti lililokuwa wazi na kukizoa kitalu chote cha miche cha Juliana Kalinga, mjane anayelima majaruba matatu kando ya mfereji.

Juliana alipeleka hoja kwenye chama: mgawa maji aondolewe. Hoja itasomwa kwenye mkutano wa Jumamosi hii. Liberatus akipoteza kazi, anapoteza pia chumba anachoishi na binti yake Goodness, kwa kuwa ni nyumba ya chama.

Asubuhi hii, geti namba mbili likiwa limeanza kupumua, Juliana anatokea kwenye tuta na jembe begani. Hasalimii.

"Baba Goodness! Nilikupigia juzi jioni, hupokei. Tulikununulia saa au bangili?"

"Bangili ina faida, mama. Ningeiuza."

"Unanifanyia mzaha? Miche yangu iko wapi?"

Liberatus anatoka majini. Badala ya kujibu, anaifungua ndoo, anamwonyesha simu, anaufunga mfuniko. "Nipigie," anamwambia. "Nipigie sasa hivi, na usikate."

Juliana anapiga. Saa inatetemeka na kuimba mkononi mwa Liberatus. Anapokea, na mjane anasikia sauti ya mgawa maji mara mbili, moja sikioni na nyingine kutoka kwenye tuta.

"Si inafanya kazi!" anafoka Juliana. "Mwongo wewe!"

"Usikate, mama."

Liberatus anaanza kutembea. Anatembea akiongea, anataja majina ya wenye majaruba anayoyapita. Anaufikia ufito. Anaupita. Midomo yake bado inacheza, mkono ameuinua juu, lakini simu ya Juliana haina sauti tena. Mjane anaitazama, anaiweka sikioni, anapiga upya. Ndani ya ndoo, miguuni pake, simu inalia kama mtoto aliyeachwa. Kule mbele, mwanamume amesimama na saa yake, hajui kama anaitwa.

Juliana anateremsha jembe taratibu.

"Kumbe wamekufunga kamba," anamwambia Liberatus anaporejea. "Kama mbuzi."

"Ndiyo, mama. Na kamba yenyewe nimeinunulia mimi ndoo."

Hasira ya Juliana haiishi, inageuka njia tu. Anataka kujua nani kasema bei hizo, kwa nini, na kama huyo msemaji ameshawahi kupandikiza hata mche mmoja. Liberatus anaposema habari za watu wa mazoezi ya jioni, mama anatema mate pembeni.

"Chama kina watu wangapi?" anauliza.

"Mia sita na kitu."

"Kila mtu na laini yake, na watoto wao, na wale wa mashine za kukoboa. Wote vocha tunaweka kwao. Sasa sikiliza. Jumamosi hoja yangu naibadilisha. Mtandao utakaokupa laini ya saa kwa vocha, namba yako hiyohiyo, kwa bei ya mkulima, sisi wote tunahamia huko. Usiotaka, tunauhama. Tuone mfumo utaruhusu au hautaruhusu."

Mwenyekiti Gwakisa, alipopigiwa papo hapo na kuelezwa, aliguna. "Kampuni kubwa vile itishwe na watu wa matope?" Lakini hakusema hapana. Alikubali hoja isomwe, na akaomba jambo moja: habari ya minara isitajwe mkutanoni.

Jioni hii Liberatus ataanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wanachama. Hajui kama watakubali; wengine wana madeni ya kukopa salio na wanaogopa kuhama. Hajui pia kama kuna kampuni itakayosikia. Akiulizwa atafanya nini wote wakikataa, anainama na kulisogeza bonge la magugu mbali na maji.

"Nitaomba chama kininunulie king'ora," anasema. "Wakikataa na hicho, nitalipia kile cha Iringa mwenyewe, tule mboga bila mafuta. Kazi siiachi. Haya maji nayajua."

Juliana ameshachukua jembe lake na kuondoka. Akiwa mbali kidogo anageuka na kupaza sauti.

"Na kitalu changu utanilipa, Baba Goodness! Usidhani nimesahau!"

"Sijadhani, mama!"

Anaiweka ndoo kivulini, anakagua mfuniko, anashuka tena majini kuelekea mageti ya mbele. Anapoufikia ufito anaushika kwa mkono wenye saa, anautikisa kidogo. Umejikita vizuri.

"Huu siku nikiung'oa," anasema, "nitampelekea yule meneja wa Mbeya aning'inizie koti lake." Kisha anaupita, na saa mkononi mwake inazima taa.